ABUL-QASIM AZ-ZAHRAWI: TABIBU ALIYEJERUHI ILI APONYESHE

 

Wanafunzi wetu wapenzi na wazazi watukufu, katika ukurasa huu wa maisha ya wanavyuoni tumemchagua mtu ambaye jina lake limo katika vitabu vya matabibu wa Mashariki na Magharibi, lakini watoto wetu wengi hawajapata kulisikia. Tumemchagua kwa sababu kazi yake ina ajabu ndani yake. Kutwa alikuwa akishika chuma cha moto, kisu, msumeno na sindano, akiutia jeraha mwili wa mgonjwa, na kusudi lake lilikuwa kumponya. Vipi jeraha likawa dawa? Na nani mwenye haki ya kulitia? Maswali haya yanazihusu nyumba zetu mpaka leo, kama tutakavyoona mbele.

KUZALIWA KWAKE NA MJI WAKE

Jina lake ni Abul-Qasim Khalaf bin Abbas Az-Zahrawi. Wapo waliomuongezea jina la Al-Ansari, kwa kumnasibisha na Ansari wa Madina. Alizaliwa takriban mwaka 325 Hijria (936 Miladia), na nisba yake ni ya Madinatuz-Zahra, mji wa kifalme ulio karibu na Qurtuba (Cordoba) katika Andalus, nchi ambayo leo ni Hispania. Mji huo ulianza kujengwa katika miaka hiyo hiyo kwa amri ya Khalifa Abdur-Rahman wa Tatu.

Qurtuba ya zama hizo ilikuwa kitovu cha elimu. Khalifa Al-Hakam wa Pili, aliyetawala kuanzia mwaka 350 mpaka 366 Hijria (961 - 976), alikuwa mpenzi mkubwa wa vitabu, na maktaba yake ilisifika dunia nzima. Katika mazingira hayo ndimo alimokulia Az-Zahrawi, akasoma, akatibu na akafundisha. Habari za utoto wake na za nyumbani kwake hazikuandikwa sana. Tunachokijua juu yake kwa uhakika tunakipata katika kitabu chake mwenyewe.

KITABU CHAKE

Kitabu hicho kinaitwa At-Tasrif liman ajiza anit-ta'lif. Alikikamilisha karibu na mwaka 1000 Miladia, baada ya kufanya kazi ya utabibu kwa muda wa kiasi cha miaka hamsini. Kina sehemu thelathini, zinazoeleza maradhi, dawa, vyakula vya wagonjwa na mambo mengine mengi. Sehemu ya mwisho, yaani ya thelathini, ni ya upasuaji, na hiyo ndiyo iliyompa umaarufu.

Aliigawa sehemu hiyo katika milango mitatu. Wa kwanza ni wa kuunguza kwa chuma cha moto, nao una faslu 56. Wa pili ni wa kupasua, kushona na kutoa vitu mwilini kama mishale na vijiwe. Wa tatu ni wa kuunga mifupa iliyovunjika na kurudisha viungo vilivyoteguka. Ndani yake alichora picha za vyombo vya kazi vipatavyo mia mbili: visu, koleo, ndoano, misumeno, vyuma vya kuunguzia na vya kukwangulia meno. Kila chombo alieleza umbo lake na matumizi yake. Hakupata kutokea kitabu kabla yake chenye michoro kama hiyo kwa wingi huo.

Humo aliwaita wanafunzi wake wanawe, akasema nao kama baba anavyosema na watoto wake.

KUUNGUZA KWA MOTO

Enyi wanafunzi, mtaikumbuka katika darsa ya Hadithi ile iliyopokewa na Ibn Abbas katika Sahihi Bukhari, kwamba Bwana Mtume (S.A.W.) ametaja ponyo katika mambo matatu: asali, kupiga chuku (hijama) na kuunguza kwa moto, kisha akaukataza umma wake huo moto. Hata hivyo imethibiti katika Sahihi Muslim kuwa Saad bin Muadh (R.A.) alipopigwa mshale mkononi katika vita vya Khandaq, Mtume (S.A.W.) mwenyewe alimuunguza mahali pa jeraha. Na alimpeleka tabibu kwa Ubayy bin Kaab (R.A.), akamkata mshipa kisha akamuunguza. Wanavyuoni wamezikusanya Hadithi hizi kwa kusema kuwa makatazo ni kwa asiyekuwa na haja, na ruhusa ni pale haja inapokuwepo na hakuna njia nyepesi zaidi.

Az-Zahrawi alikuja zaidi ya miaka mia tatu baada ya hapo. Alipendelea chuma kuliko dhahabu, ingawa matabibu wengine waliisifu dhahabu. Sababu yake ilikuwa ya fundi: dhahabu ikiwa motoni huwezi kuujua vizuri ukali wa moto wake kwa sababu ya wekundu wake, hupoa upesi, na ukizidisha moto huyeyuka. Chuma unakiona na unakijua.

Faida iliyo wazi kabisa ya moto ilikuwa katika kuzuia damu. Aliwafundisha wanafunzi wake kuwa mshipa mkubwa ukikatika, kwanza uubane kwa kidole. Kisha zipo njia nne: kuuunguza kwa chuma, kuukata kabisa ili ncha zake zijivute ndani, kuufunga kwa uzi madhubuti, au kuweka dawa za kukausha damu na kufunga kitambaa kwa nguvu. Madaktari wa leo wanazijua njia hizi. Mahospitalini ipo mashine ya umeme inayounguza mishipa midogo wakati wa upasuaji, na kazi yake ni ile ile ya chuma cha Az-Zahrawi.

Lakini tusizidishe sifa. Yeye na watu wa zama zake waliunguza pia kwa maradhi kama kifafa, kuumwa kichwa na maumivu ya nyonga, na elimu ya leo haiyakubali mengi katika hayo. Mwanachuoni humheshimu aliyemtangulia kwa kuchukua lililo sahihi na kuliacha ambalo elimu imelibainisha kuwa si sahihi.

MENGINE YA AJABU KATIKA KAZI YAKE

Alieleza kushona majeraha ya ndani kwa uzi mwembamba uliotengenezwa kwa utumbo wa mnyama. Uzi wa namna hiyo mwili huumeng'enya wenyewe. Alieleza pia njia ya kufunga jeraha la utumbo kwa siafu wenye vichwa vikubwa: mdomo wa jeraha hukusanywa, siafu akauma, kisha hukatwa kiwiliwili, na kichwa kikabaki kimeshikilia kama pini.

Aliletewa msichana mmoja mtumishi mwenye jeraha la kisu kooni. Aliangalia akaona mishipa mikubwa haikukatika, na pumzi inatoka kwenye jeraha. Akalishona na kulitibu mpaka likapona, na hakubakiwa na dhara ila sauti kukwaruza kidogo. Kutokana na tukio hilo alijua kuwa jeraha la koromeo si lazima liue.

Alisimulia pia habari ya kijiji ambacho wanaume wake wakipata jeraha hutokwa na damu mpaka wakafa. Wanavyuoni wa tiba wanaihesabu habari hiyo kuwa miongoni mwa maelezo ya kwanza ya ugonjwa wa damu isiyoganda, ambao huwapata zaidi wanaume.

Alipoeleza namna ya kutoa kijiwe katika kibofu, hakuwasahau wanawake na stara yao. Aliagiza atafutwe tabibu mwanamke aliye hodari. Asipopatikana, achukuliwe mkunga afanye kazi hiyo kwa maelekezo.

HOFU YAKE JUU YA WASIOJUA

Ndugu wasomaji, hapa ndipo penye kiini cha maisha ya mtu huyu. Mwanzoni mwa sehemu ya upasuaji alilalamika kuwa elimu hiyo ilikuwa karibu kupotea katika nchi yake, kwa sababu watu waliacha kusoma umbile la mwili, wakashika kisu kwa ujasiri mtupu. Akatoa mifano aliyoijua.

Tabibu mmoja alipasua uvimbe shingoni mwa mwanamke, akakata mishipa ya damu, na mwanamke akafa mbele yake. Mwingine alimtoa mzee kijiwe kikubwa, kikatoka pamoja na kipande cha kibofu, na mzee akafariki baada ya siku chache. Mzee huyo Az-Zahrawi alikuwa ameitwa kwanza kumtibu, akatazama ukubwa wa kijiwe na hali ya mgonjwa, akajua kuwa kumpasua ni kumuua. Wa tatu alifunga mguu uliovunjika kwa nguvu mno juu ya kidonda, akauacha siku kadhaa. Mguu ukavimba na kuoza, na Az-Zahrawi alipoitwa kuufungua wakati ulikuwa umekwisha pita.

Kwa hiyo aliwausia wanafunzi wake wasiingie katika tiba ya hatari kwa tamaa ya mali, na hadhari yao iwe kubwa kuliko pupa yao. Juu ya uvimbe wa saratani uliokwisha kuwa mkubwa na wa siku nyingi, alisema wazi kuwa yeye hakupata kuponya hata mmoja, wala hakumwona aliyeponya. Tabibu bingwa wa zama zake hakuona haya kuandika hivyo.

KUFARIKI KWAKE NA ATHARI YAKE

Mwisho wa umri wake Andalus iliingia katika fitna. Madinatuz-Zahra iliporwa na kuharibiwa, na Qurtuba ikavamiwa mwaka 1013. Katika miaka hiyo hiyo, karibu mwaka 404 Hijria, Az-Zahrawi alifariki dunia. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mji wake uligeuka magofu, lakini kitabu chake kilisafiri. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona aliitafsiri sehemu yake ya upasuaji kwa Kilatini huko Toledo. Mpasuaji mashuhuri wa Ufaransa, Guy de Chauliac, alimtaja mara nyingi katika kitabu chake cha mwaka 1363. Mwaka 1465 tabibu wa Kituruki, Sabuncuoglu, aliandika kitabu cha upasuaji kilichosimama juu ya kazi yake. Mwaka 1497 sehemu ya upasuaji ilipigwa chapa Venice. Na mwaka 2018 magofu ya Madinatuz-Zahra yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

1. Dhara dogo hukubalika ili kuondoa kubwa, lakini kwa elimu na mizani. Leo wagonjwa wa saratani hupewa mionzi na dawa kali zinazoumiza mwili ili kuua ugonjwa. Na mwaka 1917 Julius Wagner-Jauregg wa Austria aliwaambukiza malaria kwa makusudi wagonjwa ambao kaswende ilikuwa imefika kwenye ubongo, ili homa yake iwatibu. Mwaka 1927 alipewa tuzo ya Nobel. Baadhi ya wagonjwa walikufa kwa malaria hiyo, na penisilini ilipopatikana tiba hiyo iliachwa. Ikipatikana njia nyepesi, ile nzito haina udhuru tena.

2. Asiyejua asishike kisu. Imepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kuwa anayetibu watu naye hajulikani kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara anayoyasababisha. Wazazi wetu, bado wapo watoto wetu wa Afrika Mashariki wanaokatwa kimio kwa sababu ya kikohozi, na wachanga wanaong'olewa wanayoyaita meno ya plastiki kwa sababu ya homa au kuharisha. Hayo ni meno ya mtoto yanayoota kwa maumbile yake. Kumkata kwa chombo kisicho safi kunaweza kumletea kutokwa na damu nyingi, pepopunda na maambukizo mengine, na wakati huo ugonjwa wenyewe, pengine malaria au homa ya mapafu, unaendelea bila ya dawa. Az-Zahrawi mwenyewe, mwenye vyombo mia mbili, alipoeleza kukata kimio kilichovimba alitahadharisha kisikatwe kupita kiasi, ili sauti isiharibike. Basi mtoto akikohoa au akiwa na homa, apelekwe kituo cha afya mapema.

3. Kusema sijui, au siwezi, ni sehemu ya elimu. Az-Zahrawi alikataa kumpasua yule mzee, na kukataa kwake kulikuwa ni huruma.

4. Elimu inayoandikwa haifi na mwenyewe. Hatujui hata majina ya wanafunzi wake wengi, lakini usia aliowaandikia tunausoma sisi leo.

Tunawaombea wanafunzi wetu wa kiume na wa kike wanaopenda sayansi shuleni kama wanavyopenda Qur'ani chuoni, Allah awajaalie kuwa matabibu wenye elimu na uchamungu. Na wagonjwa wetu wote awape shifaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.