Muhammed Said Abdulla: Ucheshi Nyuma ya Mzimu

Mtahiniwa, ukikutana na riwaya inayoitwa Mzimu wa Watu wa Kale, bila shaka utajiandaa kuogopa. Jina lenyewe linanuka makaburi. Mtu anayesoma kwa haraka huandika katika daftari lake maneno matatu: mauaji, taharuki, ushirikina. Kisha hufunga kitabu akidhani amemaliza. Maneno hayo si makosa, lakini yamemwacha nje mwandishi mwenyewe, kwa sababu Muhammed Said Abdulla alikuwa mcheshi. Katika sura hii utasoma maisha yake, kazi zake, na sababu ya kicheko chake kukaa karibu sana na maiti. Ukiielewa sababu hiyo utajibu swali la fani na swali la maudhui kwa pamoja.

Maisha yake

Muhammed Said Abdulla alizaliwa tarehe 25 Aprili 1918 huko Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Alisoma katika shule ya wamisionari na kuhitimu mwaka 1938. Baada ya hapo aliajiriwa katika idara ya afya akiwa mkaguzi, kazi aliyoifanya kwa miaka 10 hivi.

Usiipite kazi hiyo haraka. Mkaguzi wa afya hufika penye ugonjwa na kuuliza maswali ya kawaida kabisa: maji yanatoka wapi, choo kiko umbali gani na kisima, mbu wanazaliana wapi. Majirani wanaweza kuamini kwamba mgonjwa amerogwa, lakini mkaguzi atafunua mtungi achungulie ndani. Kumbuka jambo hili utakapokutana na mpelelezi wake, kwani naye huanzia kwenye kile kinachoonekana.

Mwaka 1948 Abdulla aligeukia uandishi wa habari, akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Katika miaka iliyofuata alikuwa pia mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Magazeti hayo hayakuwa na msimamo mmoja. Al Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu, na Afrika Kwetu lilisimama upande wa Waafrika wa visiwani. Mtu anayepita katika ofisi kama hizo husikia tukio moja likielezwa kwa namna tofauti, na kila msimulizi akiapa kwamba ukweli anao yeye. Huo ni mtaji mkubwa kwa mtunzi wa riwaya za upelelezi.

Kuanzia mwaka 1958 alihariri Mkulima, gazeti la kilimo, mpaka alipostaafu mwaka 1968. Ndani ya miaka hiyo 10 Zanzibar ilipata uhuru Desemba 1963, ikafanya Mapinduzi Januari 1964, na ikaungana na Tanganyika Aprili 1964. Abdulla alifariki dunia mwaka 1991.

Kazi zake

Riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda tuzo ya kwanza katika shindano la utunzi wa hadithi za Kiswahili la mwaka 1957 hadi 1958, lililoendeshwa na East African Literature Bureau. Ilichapishwa mwaka 1960. Zikafuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Kwa kazi hizi anahesabiwa miongoni mwa waanzilishi wa riwaya ya upelelezi katika Kiswahili.

Mhusika wake mkuu ni Bwana Msa, mtu mtulivu mwenye kiko mdomoni. Pembeni yake yupo rafiki yake Najum. Wahakiki wamemlinganisha Bwana Msa na Sherlock Holmes, mpelelezi aliyebuniwa na Mskoti Arthur Conan Doyle, na Najum wakamlinganisha na Watson. Ulinganisho huo ni sahihi, ila usiishie hapo. Abdulla aliichukua mbinu ya Holmes na kuipeleka Unguja, kwenye mashamba, barazani na katika mazungumzo ya watu wanaojua kutaniana kwa Kiswahili cha huko.

Ucheshi unaopitwa bila kuonekana

Anza na jina la mpelelezi. Chukua herufi ya kwanza ya kila jina la mwandishi: M, S, A. Sasa zisome kwa pamoja. Mwandishi amejiingiza mwenyewe hadithini, akajitia kiko mdomoni, akatembea mbele ya macho ya kila msomaji. Jibu la fumbo hilo lipo kwenye jalada la kitabu kabla hujafungua ukurasa wa kwanza. Huu ni mzaha wa mtu anayetaka kukuonyesha kwamba unaweza kukitazama kitu usikione.

Sasa ruka mpaka riwaya ya mwaka 1984. Baada ya miaka mingi ya kumsifu mpelelezi huyu kwa akili zake, mwandishi anatoa kitabu ambacho jina lake linataja kosa la Bwana Msa. Kwa kuwa Msa ni yeye, mzaha unamrudia mwenyewe. Mcheshi wa kweli hajitoi katika kundi la wanaochekwa.

Tazama pia majina mengine ya vitabu vyake. Mke Mmoja Waume Watatu ni jina lililopindua mazoea: jamii imezoea kusikia mume mmoja na wake kadhaa, mwandishi akageuza sahani juu chini. Duniani Kuna Watu ni maneno ambayo mtu husema akitikisa kichwa baada ya kusikia vituko vya mwenzake. Siri ya Sifuri inakuahidi siri ndani ya kitu kisicho na kitu.

Halafu rudi kwenye mzimu wenyewe. Katika Kiswahili, mzimu ni roho ya aliyekufa, na pia ni mahali watu wanapokwenda kutambika. Riwaya inatumia maana zote mbili. Maiti inapopatikana mahali hapo, watu wanatetemeka kwa maana ya kwanza, na Bwana Msa anakwenda kupachunguza kwa maana ya pili. Jina la Kisima cha Giningi nalo limeazimwa kutoka katika simulizi za Zanzibar, ambamo Giningi ni makao ya wachawi na mashetani. Jina linatisha, lakini anayekusubiri ndani ni yule yule Bwana Msa na maswali yake.

Mwisho, angalia nani anafanikiwa. Inspekta Seif ana cheo na mamlaka ya polisi, lakini anayefumbua fumbo ni raia. Najum yuko karibu na ukweli kuliko mtu yeyote, na mara nyingi anakisia visivyo. Hapa pana kinaya, na kinaya hicho kinachekesha kwa sababu sisi wasomaji tunakisia pamoja na Najum na kukosea pamoja naye.

Kwa nini kicheko kikae karibu na kifo?

Pengine utauliza kama si utovu wa adabu kuchekesha penye maiti. Jibu unalo tayari katika utamaduni wako. Katika makabila mengi ya Tanzania, mtani hufika msibani na kufanya mzaha ambao mwingine yeyote angefukuzwa kwa kuufanya. Hamdharau marehemu. Anawasaidia wafiwa wapumue, wale chakula, wakumbuke kwamba wao bado wako hai. Abdulla anafanya kazi ya mtani katika riwaya. Anakutia hofu, kisha anakuchekesha kidogo, ili akili yako isigande.

Akili iliyoganda kwa hofu ni hatari, na historia ya mkoa wa Singida inalo somo chungu. Katika miaka ya 1940, sehemu za Singida zilikumbwa na vifo vingi vilivyodhaniwa kuwa kazi ya simba. Uchunguzi wa serikali ya kikoloni ulionyesha kwamba baadhi ya vifo hivyo yalikuwa mauaji yaliyofanywa na binadamu, na watu wakafikishwa mahakamani. Habari za watu-simba zinakumbukwa hadi leo. Muuaji alikuwa na ngao iliyo imara kuliko ukuta, nayo ni hofu ya majirani. Maadamu kila mtu aliamini kwamba ni mnyama au ni uchawi, hakuna aliyeuliza ni nani aliyekuwa na ugomvi na marehemu. Hilo ndilo swali ambalo Bwana Msa asingeacha kuliuliza.

Mfano wa Mgori

Tuseme unajiandaa na mtihani ukiwa Mgori, mkoani Singida, karibu na ule msitu wa miombo ambao miaka ya 1990 vijiji vinavyouzunguka vilipewa jukumu la kuulinda. Jioni moja dume la ng'ombe la jirani halirudi kutoka malishoni. Kabla ya usiku kuingia, mmoja anasema msitu umekasirika. Wa pili anasema alisikia sauti. Wa tatu anaanza kumtazama kwa jicho baya bibi kizee anayeishi peke yake.

Fikiria Bwana Msa amefika. Anawasha kiko, anasikiliza wote bila kumkatiza mtu, kisha anauliza maswali madogo. Nani alichunga leo? Kwato zinaelekea wapi? Je, mzimu huo huchagua madume yaliyonona tu na kuyaacha makonda? Na nani leo amenunua chumvi nyingi kuliko kawaida yake? Watu wanaanza kucheka, na wanapocheka hofu inalegea. Macho yanamwacha bibi kizee na kuanza kutafuta nyayo. Mzaha mmoja uliotolewa kwa wakati wake umemwokoa mtu ambaye hakuwa na kosa.

Hicho ndicho kiini cha riwaya za Abdulla, na ndicho unachopaswa kukitoa katika jibu lako. Ucheshi kwake ni taa ya kumulikia hofu ili uone mkono wa binadamu uliojificha nyuma yake.

Namna ya kulitumia somo hili katika mtihani

Ukiulizwa kuhusu fani, usitaje taharuki peke yake. Taja ucheshi, kinaya na uteuzi wa majina, kisha utoe mfano kwa kila kimoja. Ukiulizwa kuhusu maudhui, eleza mgongano kati ya imani za kishirikina na uchunguzi wa akili, na uonyeshe jinsi ucheshi unavyoisaidia akili kushinda. Ukiulizwa kuhusu mwandishi na mazingira yake, unganisha kazi ya ukaguzi wa afya na uhariri wa magazeti na tabia za Bwana Msa. Usikariri miaka bila kusema inahusiana na nini.

Maswali ya kujipima

1. Eleza uhusiano kati ya jina la Bwana Msa na jina la mwandishi. Uhusiano huo unaonyesha nini kuhusu ucheshi wake?
2. Kwa kutumia maana mbili za neno mzimu, fafanua jinsi jina la riwaya ya kwanza linavyobeba dhamira yake.
3. Hofu ni ngao ya mhalifu. Jadili kauli hii ukitumia riwaya za Muhammed Said Abdulla na tukio lolote la kihistoria unalolifahamu.
4. Tunga hadithi fupi yenye tukio la kutisha linalotokea kijijini kwako. Hakikisha mhusika mmoja anatumia mzaha kuwatoa wenzake katika hofu na kuwafikisha kwenye ukweli.