Akii-Bua: Alipangiwa njia mbaya, akawaacha wote

Mashabiki wa Dimani kule Kibiti na kwingineko, leo tuweke Simba na Yanga kando kidogo. Timu ikipangiwa ugenini, tena uwanja mbovu, lawama huanza hata kabla ya filimbi. Basi msikieni huyu Mganda.

John Akii-Bua alizaliwa mwaka 1949 huko Lango, kaskazini mwa Uganda, kwa mzee mwenye wake kadhaa na watoto zaidi ya 40. Baba alipofariki, shule ikaishia hapo. Baadaye akaingia polisi, na Mwingereza Malcolm Arnold akawa kocha wake. Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1970, Edinburgh, alimaliza wa nne. Mikono mitupu.

Septemba 2, 1972, jamaa yuko fainali ya Olimpiki mjini Munich, mita 400 kuruka viunzi. Kapangiwa njia namba moja, ya ndani kabisa, isiyopendwa na wakimbiaji kwa sababu kona zake ni kali. Kwenye mbio hizohizo yumo David Hemery wa Uingereza, bingwa mtetezi aliyeweka rekodi ya dunia ya sekunde 48.12 kule Mexico mwaka 1968. Akii-Bua akamaliza kwa sekunde 47.82! Hakuna aliyewahi kushuka chini ya 48. Hemery akaambulia shaba, na Uganda ikapata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki.

Baada ya hapo, mambo yakamwendea kombo. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika zilisusia Olimpiki ya Montreal, kisa New Zealand kwenda kucheza raga na Makaburu. Akii-Bua, miaka 26, akabaki nje. Mmarekani Edwin Moses akabeba dhahabu, na rekodi pia, kwa sekunde 47.64.

Mwaka 1979, majeshi yetu yalipomng'oa Idi Amin, bingwa alikimbilia Kenya na familia yake, akaishia kambi ya wakimbizi. Kampuni ya viatu ya Puma ndiyo iliyomsaidia kufika Ujerumani. Moscow 1980 alikimbia tena, ila miguu haikuwa ile, akaishia nusu fainali.

Alirudi kwao kufundisha vijana wa polisi, akafariki 1997 akiwa na miaka 47. Uganda ikangoja dhahabu nyingine ya Olimpiki hadi 2012, alipokuja Stephen Kiprotich.

Njia mbaya haikumshinda Akii-Bua. Kilichomshinda ni siasa, na hiyo hairukwi kwa miguu.