Makhan Singh: Mpanga Herufi wa Kaloleni

Wahenga walinena kuwa heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Siku hizi wengi wetu hujikwaa kalamu: twaandika na kutuma kabla ya kusoma tulichokiandika. Katika makala haya tutayaangalia maisha ya mwanaharakati mmoja aliyelelewa na matbaa.

Makhan Singh alizaliwa mwaka 1913 katika kijiji cha Gharjakh, Punjab. Aliwasili Kenya mwaka 1927, akasomea Nairobi, kisha akafanya kazi katika matbaa ya baba yake. Enzi hizo herufi za risasi zilipangwa moja moja, zikiwa zimegeuzwa kama sura katika kioo. Nakala ya kwanza ilisomwa na kusahihishwa kabla ya mashine kuanza kuchapa, kwani kosa likishapita lilirudiwa katika kila karatasi.

Mwaka 1935 alichaguliwa kuwa katibu wa chama cha wafanyakazi, akawaita wafanyakazi wa rangi zote wajiunge. Vipeperushi vyake vilitolewa kwa lugha kadha, Kiswahili kikiwemo. Hebu fikiri, ndugu msomaji: baina ya "tugome" na "tusigome" pana silabi moja tu. Mpanga herufi akiidondosha au kuichomeka, mgomo huzaliwa au hufa.

Alipokuwa India alifungwa na Waingereza kuanzia mwaka 1940. Baadaye alikuwa mhariri msaidizi wa gazeti la Kipunjabi mjini Lahore. Alirejea Kenya mwaka 1947, na tarehe 1 Mei 1949 yeye na Fred Kubai wakaasisi shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki.

Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, mtaani Eastlands, Makhan Singh alidai hadharani uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Wakati ambapo wengi waliomba marekebisho, yeye alichagua neno zito zaidi na hakulilegeza. Tarehe 15 Mei yeye na Kubai walikamatwa. Kesho yake mgomo mkuu ukaanza Nairobi, na wakazi wa mitaa kama Pumwani na Shauri Moyo wakaacha kazi. Makhan Singh alizuiliwa Lokitaung, Maralal na Dol Dol hadi Oktoba 1961.

Baada ya uhuru hakupewa cheo kikubwa. Alirudia karatasi zake, na mwaka 1969 akachapisha historia ya vyama vya wafanyakazi wa Kenya hadi mwaka 1952. Alifariki tarehe 18 Mei 1973. Nyaraka alizozihifadhi zingali zikiwafaa watafiti katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna nyenzo ambazo yeye hakuwa nazo. Kosa lililoandikwa mtandaoni hurekebishwa kwa kubonyeza kitufe, lakini huenda limekwisha kusomwa na maelfu. Mtu akiandika "kula" akikusudia "kura", au akitenganisha "wafanyakazi" yakawa maneno mawili, asiseme kuwa wasomaji watajijazia. Wasomaji wengine watajifunza kosa hilo na kulieneza.

Basi tusome tena kabla ya kutuma. Anayedai haki kwa maandishi hana budi kwanza kuyatendea haki maneno yake. Kiswahili kitukuzwe!