Karen Blixen: Baraza yake ilipokea wengi, Kinanjui akakosa nafasi

Ukitaja Karen Blixen, wengi wetu tunakumbuka ile filamu ya 1985, Out of Africa, na Meryl Streep. Kumbe maisha yake ya Kenya yalianzia hapa hapa Mombasa. Mzaliwa huyu wa Denmark (1885) alishuka meli Januari 1914, akafunga ndoa na Bror Blixen mjini humu, kisha wakapanda gari moshi kupitia Changamwe hadi Nairobi.

Mwaka 1917 walihamia nyumba ya mawe chini ya vilima vya Ngong, katikati ya shamba la kahawa. Ndoa ilivunjika 1925, naye akabaki kuendesha shamba.

Sisi wa Pwani tunajua baraza si viti tu. Ni mahali pa salamu, habari na kesi. Ya Karen ilikuwa hivyo. Kwenye veranda alikaribisha wageni, akiwemo mpenzi wake Denys Finch Hatton. Nje tu, jiwe kuukuu la kinu liligeuzwa meza, na hapo ndipo alipokutana na Wakikuyu walioishi shambani. Wagonjwa nao walikuja kwake kutafuta dawa. Hata Chifu Kinanjui alifika kusaidia kuamua kesi.

Lakini shamba lilikuwa juu mno kwa kahawa, na madeni yakazidi. Wakati huo Kinanjui akaugua. Hakutaka hospitali ya misheni. Aliomba apelekwe afie nyumbani kwa Karen. Karen alikataa, akiogopa lawama iwapo chifu angefia mikononi mwake. Kinanjui akaishia misheni, akafa. Jambo hilo lilimuuma Karen, na aliliandika mwenyewe katika kitabu chake cha 1937.

Mwaka 1931 shamba liliuzwa. Mwezi Mei Denys alikufa ndege yake ilipoanguka Voi. Fanicha nazo ziliuzwa, Karen akawa anakalia masanduku. Hata hivyo alizunguka ofisi za serikali hadi familia za Wakikuyu zikapewa ardhi pamoja Dagoretti. Ndipo akarudi Denmark, akafa huko 1962.

Nyumba hiyo ni makumbusho tangu 1986. Baadhi ya vyombo unavyoviona ndani vilitoka kwenye ile filamu. Ukifika, keti kwanza barazani uangalie Ngong, halafu ukumbuke kwamba wenyeji waliishi humo kama maskwota, kwenye ardhi iliyokuwa yao kabla ya mgeni yeyote kuweka kiti.