Samori Touré: Mfalme aliyefua bunduki na kujaza risasi upya

KATIKA orodha ya viongozi wa Afrika waliowapinga wakoloni kwa silaha, ni wachache waliodumu vitani muda mrefu kama Samori Touré. Kwa miaka 16, kuanzia 1882 hadi 1898, mtawala huyu wa Afrika Magharibi aliisumbua Ufaransa, akipigana si na majeshi yake tu, bali pia na adui mwingine asiyeonekana: uhaba wa risasi.

Samori alizaliwa yapata mwaka wa 1830 katika nchi ambayo leo ni Guinea. Hakuwa mwana wa mfalme. Ujana wake aliutumia katika biashara ya masafa marefu, na huko ndiko alikojifunza bei ya dhahabu, farasi na bunduki, elimu iliyomfaa sana baadaye.

Maisha yake yaligeuka mnamo 1853, mama yake alipotekwa vitani na ukoo wa Cissé. Samori akajitolea kuwatumikia watekaji kama askari ili mama aachiliwe. Masimulizi ya Wamalinke yanaeleza kwamba alitumikia miaka saba, miezi saba na siku saba. Alipoondoka, alikuwa amehitimu kazi ya vita.

Baada ya hapo alikusanya wafuasi wake mwenyewe, akaviunganisha vijiji na miji, na kuifanya Bissandougou kuwa makao makuu ya dola la Wassoulou. Mwaka wa 1884 alijitwalia cheo cha Almami, yaani kiongozi wa Waislamu. Askari wake waliitwa sofa.

Vita na Wafaransa vilizuka Februari 1882 huko Kéniéra. Samori alitambua mapema kwamba magobori yanayojazwa kupitia mdomo wa mtutu yasingefua dafu mbele ya bunduki za kisasa zinazojazwa kwa nyuma. Akaanza kununua silaha hizo kupitia wafanyabiashara wa Freetown, katika koloni la Uingereza la Sierra Leone. Malipo yalikuwa dhahabu, pembe za ndovu na mifugo.

Tatizo ni kwamba bunduki ya kisasa ni mlaji asiyeshiba. Gobori hutosheka na baruti yoyote na kipande chochote cha chuma. Risasi ya bunduki mpya ilihitaji vitu vinne kwa pamoja: ganda la shaba ya manjano, baruti, kichwa cha risasi, na fataki ya kuiwasha baruti. Kimoja kikikosekana, vitatu vilivyosalia havina faida.

Samori hakungoja meli. Aliwakusanya mamia ya wahunzi katika karakana zake, na inasimuliwa kwamba mmoja wao alitumwa kufanya kazi katika ghala la silaha la Wafaransa huko Saint-Louis, Senegal, ili aibe ujuzi. Wahunzi hao walifaulu kuunda bunduki za kuiga zile za Gras na Kropatschek zilizotumiwa na Wafaransa wenyewe, wakifua kila sehemu kwa nyundo.

Kuhusu risasi, maganda yaliyokwisha kutumika hayakutupwa. Yalijazwa upya kwa baruti ya kienyeji, iliyochanganywa kwa shura, makaa na kiberiti. Hata hivyo, baruti hiyo ilikuwa na nguvu ndogo kuliko ile ya Ulaya, hivyo risasi haikufika mbali. Aidha, iliacha masizi mengi katika mtutu. Wakati huo huo, Ufaransa ilikuwa na bunduki ya Lebel ya mwaka wa 1886, iliyotumia baruti isiyotoa moshi.

Fataki ndiyo iliyokuwa kigingi kikubwa zaidi. Ganda laweza kufuliwa, na baruti yaweza kutwangwa. Lakini dawa inayolipuka kwa kugongwa hutokana na kemia, si nyundo. Ndiyo maana njia ya kuelekea pwani ilikuwa roho ya dola hilo.

Roho hiyo ilianza kukabwa mwaka wa 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalipokubaliana kuzuia uuzaji wa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika. Mwaka uliofuata, Kanali Louis Archinard aliuteka mji wa Kankan. Kufikia 1893, vikosi vya Ufaransa vilikuwa vimemtenga Samori na Sierra Leone.

Almami alijibu kwa kuhamisha dola zima kuelekea mashariki, hadi Dabakala, kaskazini mwa nchi inayoitwa leo Côte d'Ivoire. Nyuma yake aliteketeza mashamba na vijiji ili adui asipate chakula.

Hapa ndipo sifa zake zinapoingia doa. Farasi na silaha zake vilinunuliwa pia kwa watumwa, waliotekwa katika nchi alizozivamia. Mnamo 1897 jeshi lake liliuangamiza mji wa Kong, uliosifika kwa elimu ya Kiislamu. Hata mwanawe Karamoko, aliyezuru Ufaransa mwaka wa 1886 na kurudi akishauri amani, aliuawa kwa amri ya babake mnamo 1894. Kwa jamii nyingi zilizolipia risasi hizo, jina la Samori halikuwa la mkombozi.

Mwisho wake ulikuja upesi. Sikasso ilipoanguka mikononi mwa Wafaransa Mei 1898, Samori alirudi magharibi kupitia milima, na njaa ikawamaliza watu wake. Septemba 29, 1898, alikamatwa kambini Guélémou na kikosi cha Kapteni Henri Gouraud. Alipelekwa uhamishoni Gabon, akafariki Juni 2, 1900.

Guinea ilipojipatia uhuru mwaka wa 1958, rais wake wa kwanza, Ahmed Sékou Touré, alijitambulisha kuwa wa uzao wake, na mwaka wa 1968 mabaki ya Almami yakarejeshwa Conakry. Wahunzi wake, ambao majina ya wengi wao hayakuandikwa popote, walithibitisha kwamba Mwafrika aliweza kuiunda bunduki ya Mzungu kwa mikono yake. Kilichomshinda Samori hakikuwa ukosefu wa akili wala ushujaa. Alikosa kiwanda, na mlango wa kuingizia kile asichoweza kukiunda ulikuwa umefungwa na wengine.