Brahmagupta na Deni la Mpunga

Leo nataka niwajulishe na Brahmagupta, Mhindi wa Bhillamala, katika Rajasthan ya leo, aliyezaliwa mwaka 598.

Mwaka 628, akiwa kijana wa miaka 30, alitunga kitabu cha elimu ya nyota, chote kwa mashairi. Humo namba chanya aliziita mali, na namba hasi deni. Ukitoa deni katika sifuri, alifundisha, hubaki mali. Na deni mara deni huzaa mali. Ulaya walikuwapo wataalamu waliozikataa namba hasi hata katika karne ya 18!

Huku Garsen nasomesha hesabu, na nimeona watoto hodari wakipoteza alama za mtihani kwa kistari kimoja tu mbele ya mabano. Basi huwapa mfano huu. Mkulima wa kando ya Mto Tana ana magunia 5 ya mpunga. Mwenye duka anamdai thamani ya magunia 2, lakini amemsamehe shilingi 30. Bei ya gunia tuiite x. Mali yake ni 5x − (2x − 30). Wengi huandika 3x − 30, yaani aliyesamehewa anatozwa tena! Zile 30 zilipunguza deni, kwa hiyo mali imezidi: 3x + 30.

Mzee huyu hakupatia yote. Alishikilia kwamba sifuri kugawanya kwa sifuri ni sifuri. Hata hivyo hakuchoka: mwaka 665, akiwa na miaka 67, alitoa kitabu kingine, na katika karne ya 8 elimu yake ikafika Baghdad kwa lugha ya Kiarabu.