Pierre Curie na ile sumaku yenye ncha moja

Watoto wengi wa kwetu wamekwisha kufungua spika ya redio iliyokufa ili watoe sumaku yake. Ikivunjika vipande viwili, mtu atasema kimoja kimebaki na ncha ya kaskazini, kingine na ya kusini. Kumbe hapana. Kila kipande kina ncha zote mbili. Ukivivunja tena, ni vilevile tu.

Huko Paris, kulikuwa mtu aliyejiuliza juu ya nini iwe hivyo. Jina lake Pierre Curie. Wengi wanamjua kama bwana wa Marie Curie na mwenzake katika kazi ya radiumu, lakini kabla ya radiumu yeye alikuwa mtu wa sumaku.

Alizaliwa tarehe 15 mwezi wa tano 1859, baba yake munganga. Hakupelekwa shule akiwa mdogo. Alifundishwa nyumbani, maana alikuwa mtu wa kuwaza polepole, na walimu wa haraka haraka wangemuharibu. Mwaka wa 1880, pamoja na kaka yake Jacques, alivumbua kwamba mawe fulani ya fuwele yakibanwa yanatoa umeme. Miaka miwili nyuma ya pale akaanza kazi katika shule ya fizikia na kemia ya mji wa Paris. Hakuwa na maabara yake mwenyewe. Vyombo vyake aliviweka kwenye kijia kidogo karibu na ngazi.

Pale ndipo alipasha moto chuma na vitu vingine, hadi kupita digrii 1.300, akipima nguvu ya sumaku. Aliona kwamba kila chuma cha sumaku kina joto lake ambapo nguvu ile inapotea. Kwa chuma cha kawaida ni karibu digrii 770. Joto hilo mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Na angalia vizuri: ncha mbili zinakufa pamoja, hakuna inayobaki peke yake.

Hata hivyo, mwaka wa 1894 Pierre aliandika karatasi fupi sana. Alionyesha kwamba sheria za maumbile hazikatazi sumaku yenye ncha moja, kama vile umeme wa chanya unavyoweza kukaa mbali na wa hasi. Basi ikiwa haikatazwi, itafutwe. Ilihitaji moyo kuandika hivyo, wakati hakuna mtu aliyekuwa ameiona.

Mwaka uleule alikutana na Marie, ambaye naye alikuwa anachunguza sumaku za vyuma mbalimbali. Walioana 1895. Radiumu ikaja, na Nobeli ya 1903, walioipata pamoja na Henri Becquerel. Serikali ilipotaka kumpa nishani, Pierre alikataa. Kitu alichohitaji kilikuwa maabara. Tarehe 19 mwezi wa nne 1906, mvua ikinyesha, alianguka chini ya gari la kukokotwa na farasi katika barabara ya Dauphine, gurudumu likamponda kichwa. Alikuwa na miaka 46. Aliacha watoto wawili wasichana, mdogo hajafikia hata miaka miwili.

Ulizo lake lilibaki. Leo inajulikana kwamba nguvu ya sumaku ya kawaida inatoka kwa elektroni, na kila elektroni ni kasumaku kadogo kenye ncha mbili tayari. Ndiyo maana kisu, nyundo wala moto haviwezi kuzitenganisha: hakuna pahali pa kukata. Mwaka wa 1931, Paul Dirac alionyesha kwa hesabu kwamba ncha moja, kama ipo, itakuwa kitu cha peke yake kabisa, si kipande cha sumaku. Mwaka wa 2009 wataalamu waliona ndani ya fuwele zenye baridi kali sana vitu vinavyojifanya kama ncha moja, lakini ukivitoa nje ya fuwele hakuna kitu. Huko CERN bado wanatafuta, na hawajapata.

Kwetu Katanga jina la Pierre liko chini ya udongo. Mwaka wa 1921 mtaalamu wa mawe Alfred Schoep alieleza jiwe la urani lenye rangi ya machungwa lililotoka Shinkolobwe, akaliita kurite, kwa heshima ya mtu ambaye hakuwahi kufika huku.